Ukurasa na Utaje Jina Lake

Kila ukurasa wa tovuti una mstari mmoja ambao msomaji haukuti ndani ya ukurasa wenyewe. Hukaa juu, kwenye kichupo cha kivinjari. Ukiweka alamisho, mstari huo ndio unaohifadhiwa. Ukipekua historia ya kivinjari wiki mbili baadaye ukitafuta ile makala ya kilimo cha mihogo, ndio utakaokuonyesha njia. Ukimtumia ndugu yako kiungo kwa WhatsApp, na ukurasa hauna lebo maalumu za mitandao ya kijamii, mara nyingi ndio utakaotangulia kumfikia. Huo ni kichwa cha ukurasa, na nikitaka kujua kama tovuti imejengwa na fundi anayewajali watu, huutazama huo kabla ya rangi na picha zote.

Mtu akipiga hodi akaulizwa "Nani?", akijibu "Mimi" hajajibu kitu. Kurasa nyingi mno hujibu hivyo: "Karibu", "Mwanzo", "Ukurasa Mpya". Zikifunguliwa sita kwa pamoja, msomaji hana budi kuingia mojamoja ili ajue alipo.

Waliotunga lugha ya HTML walilifikiria jambo hili mapema. Katika maelezo rasmi ya toleo la pili, yaliyotolewa Novemba 1995 kwa jina la RFC 1866 na kuandikwa na Tim Berners-Lee na Dan Connolly, kila waraka ulitakiwa uwe na kichwa. Walishauri kisifikie herufi 64, wakaonya kwamba kichwa kama "Utangulizi" peke yake hakina maana kikisomwa mbali na waraka wake. Bado sijaona ushauri mfupi kuliko huo unaofaa zaidi.

Mwaka huohuo wa 1995 Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitoa hadharani zana zake za PHP, na huko Uswidi ikaanza safari ya hifadhidata ya MySQL. Kabla ya zana za namna hiyo, aliyetaka kurasa mia aliandika faili mia, na kila moja akaipa kichwa kwa mkono wake. Sasa faili moja, tuseme makala.php, inaweza kutoa kurasa elfu kumi. Anwani inabeba namba ya makala, msimbo unaichukua namba hiyo, unaiuliza hifadhidata, na maandishi yanakuja. Kazi imekuwa nyepesi ajabu, lakini hapo ndipo majina ya kurasa yalipoanza kupotea: faili ni moja, na aliyeandika kichwa kimoja kwa mkono ndani ya faili hiyo amezipa kurasa zote elfu kumi jina moja.

Chanzo hasa cha tatizo hili ni mfuatano. Kichwa hukaa mwanzoni kabisa mwa waraka, kabla ya mwili. Seva nayo hutoa maandishi kwa mpangilio ule ule yalivyoandikwa, ya juu kwanza. Fundi aliyezoea kuandika juu kwenda chini huanza kwa kuweka faili ya sehemu ya juu, yenye nembo, menyu na kichwa cha ukurasa, kisha akifika katikati ndipo anapoiuliza hifadhidata makala inayotakiwa. Jibu likija, kichwa kimeshatoka. Kuna njia za kuyazuia maandishi yasitoke mpaka mwisho, na kuna njia ya kukibadilisha kichwa kwa JavaScript ukurasa ukishafika kwa msomaji. Zote hufanya kazi kwa kiasi fulani. Lakini programu nyingi zinazosoma kurasa bila kuwa vivinjari haziendeshi JavaScript hata kidogo, kwa hiyo hubaki na lile jina la kwanza lisilosema lolote.

Fundi mzuri huuliza kwanza, ndipo aseme. Ukiifungua faili yake utaona kwamba sehemu ya juu haina hata herufi moja ya HTML. Hapo anasoma namba kutoka kwenye anwani, anahakikisha kweli ni namba, anauliza, anasubiri jibu, anaamua. Makala ikipatikana, jina lake linawekwa kwenye kigeu. Isipopatikana, msimbo wa hali 404 unatumwa, na kichwa kinasema wazi: "Makala haikupatikana". Kisha ndipo kiolezo kinafunguliwa na maandishi kuanza kutoka. Napenda sana kusoma msimbo wa namna hii. Ile 404 na kichwa ni ndugu wa tumbo moja, kwa sababu zote mbili hudai seva iwe imeshajua inachokwenda kusema. Asiyepanga hivyo hutoa ukurasa mtupu, wenye hali ya kwamba mambo ni salama, na juu yake kichwa chenye jina la tovuti tu na kistari kilichoachwa kikining'inia.

Jina likishapatikana linahitaji kufikishwa salama, na hapa Kiswahili kina neno la kusema, kwa sababu kina ritifaa. Tuseme mtu anatafuta habari za Murang'a. Msimbo wa ovyo huunga vipande vya swali kama vinavyokuja:

SELECT * FROM miji WHERE jina = 'Murang'a'

Hifadhidata inaiona ritifaa ya kwanza, inajua jina limeanza. Inaiona ya pili baada ya "Murang", inajua jina limekwisha. Ile a iliyobaki haielewi ni nini, nayo inakataa swali zima. Tovuti hiyo itafanya kazi vizuri kwa Mombasa, Tabora na Bukavu, itaangukia Murang'a, Lang'ata, Chang'ombe na Ng'ambo ya Unguja. Tena pengo hilohilo linalomkwaza mkazi wa Chang'ombe ndilo analopitia mhalifu kupenyeza amri zake ndani ya hifadhidata. Dawa imekuwapo tangu zamani: PDO iliingia ndani ya PHP toleo la 5.1 mwaka 2005, nayo humwezesha fundi kuandika swali likiwa na nafasi iliyoachwa wazi, halafu jina likakabidhiwa kando bila kuchanganywa na amri. Ritifaa inabaki kuwa herufi ya kawaida, kama inavyostahili.

Safari ya kutoka nayo ina adabu yake. Jina linaloingizwa kwenye kichwa sharti lipitishwe kwenye htmlspecialchars, kazi ya PHP inayozigeuza alama za HTML zisomwe kama maandishi ya kawaida, kwa sababu mtu akijisajili kwa jina lenye lebo ya kufungia kichwa, kichwa kitafungika hapo, na chochote alichokiandika baada yake kitasomwa kama sehemu ya ukurasa. Tangu PHP 8.1 ya mwaka 2021 kazi hiyo huigeuza na ritifaa bila kuombwa. Tatizo huja inapofanywa mara mbili, mara ya kwanza wakati wa kuhifadhi na mara ya pili wakati wa kuonyesha. Hapo ndani ya msimbo wa ukurasa kutakuwa na Murang&#039;a, na kwenye kichupo msomaji ataona Murang'a, mji ambao haumo kwenye ramani yoyote. Jina lihifadhiwe kama mwenyewe alivyoliandika, ligeuzwe mara moja tu, wakati wa kutoka. Na kwa kuwa simu nyingine hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, fundi anayejua watu wake huzisawazisha wakati wa kupokea, la sivyo hifadhidata itakuwa na Murang'a mbili zisizojuana.

Lakini jambo linalonifanya niipende kazi hii kuliko yote ni ngeli.

Chukua maktaba ya mtandaoni. Fundi anataka ukurasa wa kila mwandishi uwe na kichwa chake, anaandika kiolezo: aina ya kazi, kisha "ya", kisha jina la mwandishi. Anajaribu, anapata "Mashairi ya Shaaban Robert". Anafurahi. Siku inayofuata tovuti inatoa "Vitabu ya Shaaban Robert" na "Tenzi ya Shaaban Robert", na kila Mswahili anayepita anajua kwamba hapa mashine imesema bila kusimamiwa. Hakuna kiunganishi kimoja kitakachozifaa nomino zote. Vitabu ni vya, tenzi ni za, mashairi ni ya, na kila moja ina umoja wake: kitabu cha, utenzi wa, shairi la.

Wapo wanaojaribu kuifundisha mashine kukisia kwa herufi za mwanzo. Neno likianza na vi-, weka "vya". Utapata "Viongozi vya Afrika" na "Vijana vya Kigoma". Neno lisilo na kiambishi, weka "za". Utapata "Samaki za Ziwa Tanganyika", na wavuvi wa Ujiji watakucheka. Uhai wa kiumbe hauonekani kwenye tahajia. Anaujua msemaji.

Kwa hiyo ujuzi huo unapelekwa mahali pake, kwenye jedwali. Jedwali la aina za kazi linapata safuwima ya umoja, ya wingi, ya kiunganishi cha umoja na ya kiunganishi cha wingi, na nyingine mbili za viambishi vya kitenzi. Shairi, mashairi, la, ya, li, ya. Kitabu, vitabu, cha, vya, ki, vi. Jedwali zima ni la safu chache tu, mhariri anayekijua Kiswahili analijaza kwa kikao kimoja. Baada ya hapo msimbo unahesabu, unachagua, na kichwa kinatoka "Shairi 1 limepatikana", "Mashairi 14 yamepatikana", "Vitabu 14 vimepatikana". Wengine hukwepa kwa kuweka nukta mbili, "Shaaban Robert: Vitabu", na sina ugomvi nao, ni njia halali. Ila nikiona tovuti iliyochukua taabu ya kusema "Tenzi 3 za", najua kuna mtu aliyeipenda lugha hii mpaka akaitengea safuwima katika hifadhidata yake, na hiyo ni heshima kubwa kuliko mabango mengi ya Siku ya Kiswahili.

Mpangilio wa kichwa una mfano mzuri karibu nasi. Fungua makala ya ng'ombe kwenye Wikipedia ya Kiswahili, kichupo kitasema: "Ng'ombe - Wikipedia, kamusi elezo huru". Jina la makala limetangulia, la tovuti limefuata. Nyuma yake kuna MediaWiki, programu iliyoandikwa kwa PHP, ambayo katika hifadhidata huyatunza majina ya kurasa yakiwa na kistari cha chini badala ya nafasi, kisha huyarudisha katika sura ya kibinadamu kabla ya kuyaonyesha. Faida ya mpangilio huo utaiona kwenye kompyuta yenye vichupo ishirini, ambapo kila kimoja kimebanwa mpaka zimebaki herufi saba. Mwenye kuanza na jina la shirika lake atakuwa na vichupo ishirini vinavyofanana.

Anayefaidi zaidi ni msomaji asiyeona. Kisoma skrini, kwa kawaida, humtajia kichwa mara tu ukurasa unapofunguka. Akipita vichupo kwa kibodi, anasikia vichwa, kimoja baada ya kingine, na kwa hivyo hutaka lile neno la maana lije kwanza, asilazimike kusikia jina la wizara au gazeti kila mara. Miongozo ya ufikivu wa tovuti, WCAG 2.0 ya mwaka 2008, iliweka kichwa kinachoeleza ukurasa katika daraja A, yaani lile la chini kabisa ambalo tovuti haina udhuru wa kulikosa. Nadhani walikadiria sawasawa. Kwa msomaji asiyeona, kurasa elfu kumi zenye jina moja ni ukurasa mmoja uliofungwa.

Yote haya hurudi kwenye safuwima ya jina katika jedwali la makala. Ni vyema iwekewe sharti la NOT NULL tangu siku ya kuundwa. Hilo halitoshi, maana MySQL huikubali kamba tupu, na kamba tupu si NULL. Kwa hiyo liongezwe sharti la CHECK kwamba jina likishaondolewa nafasi za pembeni libaki na urefu. Matoleo ya zamani yalilisoma sharti hilo na kulipuuza. Tangu 8.0.16 ya mwaka 2019 linatekelezwa, na fundi akilipokea vizuri kosa linalorudi, mhariri anayebonyeza kitufe cha kuchapisha kabla ya kuipa makala jina hurudishiwa fomu yake ilivyo, maandishi yote yakiwa salama, kishale kikimngoja kwenye kisanduku cha jina.