Njeo Isiyokuwamo: Jina na Jamii ya Haki katika Walenisi

Riwaya mbili za miaka ya 1990 zinalikabili swali la jamii mpya kwa njia tofauti. Katika Mzingile (1991), Euphrase Kezilahabi analiweka swali hilo baada ya maangamizi ya dunia. Katika Walenisi (1995), Katama Mkangi anamtoa Dzombo, aliyehukumiwa kifo, katika nchi ya dhuluma na kumfikisha kwenye jamii ya usawa iliyokwisha kujengwa. Hapa pana udhaifu: msomaji anaoneshwa mwisho wa safari kuliko jasho la njiani. Hata hivyo, njia imo katika jina lenyewe. Walenisi ni sentensi: wale ni sisi. Kiwakilishi kioneshi wale huashiria walio mbali na msemaji. Kitenzi kishirikishi ni huwaunganisha na sisi bila kubeba kiambishi cha njeo. Mkangi hakuandika watakuwa. Kwa hiyo, usawa katika riwaya hii si ahadi inayosubiri janga lipite, bali ni uhusiano unaodai kukiriwa leo. Janga husafisha uwanja tu. Wasiotambuana watajenga dhuluma ileile juu ya majivu.