Ukurasa Unaosomeka Hata Kama Haukufuata Kanuni

Mwaka 1965, mji wa Lubumbashi ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, André Yav aliandika kwa mashine ya chapa historia ya mji huo kwa Kiswahili cha Katanga. Alisema kwa niaba ya maboyi wa zamani, waliotumika katika nyumba za Wazungu. Aliandika kama watu walivyosema, bila mwalimu wa tahajia: maneno yanaunganishwa au kukatwa popote, na sentensi haionyeshi inapoishia. Johannes Fabian alipoyaandaa maandishi hayo yawe kitabu, kilichotoka mwaka 1990, Kalundi Mango aliyasoma kwa sauti. Maneno yaliyokuwa fumbo machoni yakaeleweka masikioni.

Baadaye maandishi ya Yav yaliingizwa kwenye wavuti, katika hifadhi ya Kiswahili cha watu iliyoanzishwa Amsterdam, pamoja na mazungumzo ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu na ya mganga Kahenga wa Lubumbashi. Nayo yakaanza kutegemea ufundi mwingine ambao wasomaji wake wengi hawauoni: kanuni za HTML, lugha ya alama inayoiambia kompyuta kwamba hiki ni kichwa, hii ni aya, haya ni maneno yaliyonukuliwa.

Tim Berners-Lee aliieleza lugha hiyo hadharani mwaka 1991, akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN huko Geneva, kwa alama kumi na nane tu. Alama ya p wakati huo iliwekwa kati ya aya na aya, kama mpaka. Kisha ikawa chombo kinachoifunga aya ndani yake, lakini kuifunga mwishoni hakukufanywa lazima. Jambo hilo dogo nalithamini sana, maana ndilo linaloruhusu kurasa zilizoandikwa wakati ule kufunguka leo bila mtu kuzigusa.

Toleo la 2.0 lilitoka mwaka 1995, la 4.01 mwaka 1999. Halafu likaja wazo la ukali. Katika XHTML, yaani HTML iliyoandikwa upya kwa kanuni kali za lugha ya alama ya XML, ukurasa ukitumwa kama XML, kosa moja la alama lilitosha kukifanya kivinjari kikatae kuendelea. Nia ilikuwa njema, usafi. Ila watu wenye maarifa ya kuandika bila mafunzo ya kanuni ndio ambao wangefungiwa mlango kwanza, na Yav angekuwa mmoja wao.

Mwaka 2004 pendekezo la waundaji wa vivinjari wa Opera na Mozilla, la kuiendeleza HTML yenyewe, lilikataliwa katika mkutano wa W3C, shirika la viwango vya wavuti. Wakaungana na watu wa Apple, wakaunda kundi la WHATWG, na mhariri Ian Hickson akaanza kazi ambayo mimi naihesabu kuwa kilele cha ufundi huu: kuandika, hatua kwa hatua, kila kivinjari kifanye nini kinapokutana na kosa. Hapo awali vivinjari vilikuwa vikikisia, kila kimoja kikichungulia mwenzake anafanyaje. Sasa imeandikwa: aya ikiwa wazi na orodha ikaanza, aya inajifunga. Alama za b na i, za herufi nzito na za mlazo, zikipishana, moja ikifungwa kabla ya nyingine iliyo ndani yake, kuna utaratibu wenye jina lake wa kuzitatua, na vivinjari vyote vinapata jibu lile lile. Alama ya font imepigwa marufuku kwa mwandishi, lakini kivinjari hakiruhusiwi kuipuuza. Mwandishi abanwe, msomaji asiumizwe. Kanuni za usanifu za HTML5, toleo lililotokana na kazi hiyo, zinalisema waziwazi: mahitaji ya msomaji yatangulie ya mwandishi, ya mwandishi yatangulie ya wanaounda vivinjari, na usafi wa nadharia uwe wa mwisho kabisa.

HTML5 ilipitishwa na W3C Oktoba 2014, na mwaka 2019 pande hizo mbili zikakubaliana kuwa na kanuni moja.

Kuna pembe moja ya kazi hii inayoihusu Lubumbashi moja kwa moja, nayo ni lang, sifa inayowekwa ndani ya alama kutaja lugha ya maandishi. Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake, swc, katika orodha ya kimataifa ya ISO 639-3. Ukurasa ukianza na swc, na maneno ya Kifaransa yaliyomo yakawekewa fr, programu inayowasomea wasioona, ikiwa na sauti za lugha hizo, inajua wapi ibadili matamshi na wapi irudi. Kwa sentensi nzima ya Kifaransa kazi ni nyepesi. Ugumu unaanza kwa neno kama bapatron, lenye kiambishi cha huku na mwili wa kule: je, mhariri akate katikati yake, au aliache lote mikononi mwa swc? Kanuni inaruhusu yote mawili. Mimi ningeliacha zima, kwa sababu anayelitamka mjini halikati.