Eda Isiyo na Jina: Juu ya Riwaya za Kiingereza za Wanawake Waanzao Upya

Katika vitabu vinunuliwavyo kwa wingi Uingereza, Ireland na Marekani tangu miaka ya 1990, mna namna moja ya riwaya ambayo wataalamu wa vitabu huipita pasipo kuitazama. Mwanamke amefiwa na mume, au ameachwa, au amefilisika, au ameugua ugonjwa wa kuua akapona. Huondoka mahali alipokuwa, hufika mji mdogo au mtaa mgeni, hushika kazi ya mikono yake, na baada ya kurasa mia tatu na zaidi amepata mwenzi mwema. Kwa kuwa mwisho wajulikana tangu jalada, msomaji mwenye elimu huuliza, Kuna nini humo cha kusomwa? Mwalimu akiviona vitabu hivi mikononi mwa wanafunzi wake wa kike aweza kuvifungia kabatini, na neno likaisha. Walakini atakuwa amevihukumu pasipo kuvisoma, jambo ambalo hawaruhusu wanafunzi wake kulifanya.

Yafaa kwanza tuijue kanuni yao. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, kilichoundwa mwaka 1980, kiliweka masharti mawili tu: mapenzi yawe kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha na wa matumaini. Chama hicho kiliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2024, lakini masharti hayo yangali yakishikwa na waandishi na wachapaji. Basi kumlaumu mwandishi wa namna hii kwa sababu mwisho wake ni wa furaha ni sawa na kumlaumu malenga kwa sababu beti zake zina vina. Ustadi hutafutwa ndani ya kanuni. Katika riwaya hizi ustadi wote umo katika kipande cha kati, yaani ule muda ulio baina ya msiba na mapenzi mapya.

Muda huo watu wa pwani yetu wana jina lake: eda. Mke aliyefiwa hukaa eda miezi minne na siku kumi, asijipambe, asitoke pasipo haja, wala asiposwe waziwazi. Naye kwa muda huo huitwa kizuka. Aliyepewa talaka hungoja twahara tatu, na mwenye mimba hungoja hata ajifungue. Waingereza nao walikuwa na desturi yao. Zamani za Malkia Victoria mjane wa watu wenye mali alivaa nguo nyeusi tupu kwa mwaka mzima na zaidi, kisha akazipunguza kidogo kidogo hata ikatimia miaka miwili au kupita. Na Malkia mwenyewe, aliyefiwa mwaka 1861, hakuziacha hata alipokufa mwaka 1901. Baada ya vita vya 1914–1918, vilivyoacha wajane wengi kupita kiasi, desturi ile ililegea, na mwishowe ikaachwa. Leo mke wa huko aliyefiwa hana mtu wa kumwambia, Sasa ngoja, wala wa kumwambia, Sasa yatosha. Nami naona ya kuwa riwaya hizi zimejitwika kazi iliyoachwa na desturi. Kila mwandishi humwekea mwanamke wake eda isiyo na jina, na kwa jinsi aitunzavyo eda ile ndivyo tuwezavyo kumpima.

Kizazi cha kwanza cha hadithi hizi ni kitabu cha Jane Austen kiitwacho Persuasion, kilichotokea mwishoni mwa Desemba 1817, miezi michache baada ya kufa kwake. Anne Elliot, aliyeshawishiwa kuvunja uchumba alipokuwa wa miaka 19, anakutana na mchumba wake tena akiwa wa miaka 27. Miaka minane! Waandishi wa sasa hawana subira hiyo, wala wachapaji wao hawawapi.

Tuanze na Bibi Marian Keyes wa Ireland, ambaye kitabu chake cha kwanza, Watermelon, kilichapwa mwaka 1995. Claire amezaa mtoto wake wa kwanza mjini London, na siku iyo hiyo mumewe James anamwambia kwamba anakwenda zake kwa mwanamke mwingine, tena jirani. Claire amchukua mtoto mchanga, arudi Dublin nyumbani kwa wazazi wake. Hapo msomaji hungoja simanzi ya heshima, asiipate. Claire hulala, hulewa, huwachosha watu wa nyumbani mwake. Na mwandishi hutuchekesha pasipo kuficha kwamba kicheko hiki kimefunika aibu. Mtu aliyewahi kukaa na mke aliyetupwa atajua ya kuwa hasira yake si kama ya vitabuni, iliyo safi na yenye maneno mazuri, bali ni ya kukataa kuoga. Hilo Bibi Keyes analijua vema.

Mfasiri wa kitabu hiki atakwama neno la kwanza kabisa. Kwa Kiswahili twasema mke “ameachwa,” na masikio ya wengi husikia talaka. Lakini Claire hakupewa talaka. Ametupwa tu, au kama wasemavyo wengine, ametelekezwa. Yeye si mtalaka, wala si mjane, wala hawezi kusema kwa moyo mmoja kwamba ni mke wa mtu. Kitabu kizima kimesimama juu ya ufa huo, na Kiswahili, chenye majina mengi hivi kwa hali za mwanamke, hakina jina moja la hali yake.

Tena katika kitabu hiki mna jambo ambalo msomaji wa pwani atalitambua upesi kuliko msomaji wa London. Eda ya talaka iliyo rejea ni muda ambao mume aweza kumrejea mkewe. Ndivyo itokeavyo: James anarudi. Hakuja kuomba radhi. Amekuja kueleza kwamba kosa lilikuwa la Claire, kwa kuwa yeye ni wa kitoto na mwenye kujipenda, na kwamba atamrudia iwapo atajirekebisha. Claire, naye mwerevu wa maneno, karibu asadiki. Kurasa hizo ndizo zilizo bora katika kitabu chote, maana zaonyesha jinsi mtu aliyevunjika moyo awezavyo kukubali hesabu ya uongo, mradi iwe hesabu iliyofungwa. Hata akatambua udanganyifu ule, akamkataa. Tofauti na desturi ni hii, kwamba hapa mwenye kurejea au kutorejea ni mke. Adam, yule kijana mpya, hunipendeza kidogo tu: ameingia mapema mno, naye ni mzuri mno kuwa mtu.

Kitabu cha Bibi Robyn Carr, Virgin River, cha mwaka 2007, kina wasomaji wengi zaidi, hasa tangu kilipofanywa mchezo wa televisheni mnamo Desemba 2019. Mel Monroe, muuguzi na mkunga wa Los Angeles, ambaye mumewe daktari aliuawa kwa risasi katika unyang’anyi dukani, akubali kazi katika kijiji cha milimani kaskazini mwa California. Nyumba aliyoahidiwa ni gofu chafu. Anakusudia kuondoka kesho yake, lakini kitoto kichanga kimeachwa barazani kwa daktari wa kijiji, naye anakaa. Kurasa za ukunga ni nzuri. Mwandishi ajua kazi ni dawa ya namna gani, kwamba haiponyi msiba bali huupa mahali pa kukaa. Tena siku ya kutimia mwaka wa kifo cha mumewe, Mel anaanguka kilio kama siku ya kwanza, na hilo ni kweli tupu.

Lakini mwandishi hawezi kujizuia kulipa. Jack, mwenye baa na askari wa zamani, ndiye aitengenezaye ile nyumba, hata makao mapya ya mwanamke yamejengwa na mwanamume. Kisha Mel, aliyetaabika kwa mume wa kwanza pasipo kupata mtoto, anapata mimba kwa wa pili. Hapo naweka kitabu chini. Kila kilichopotea kimerudishwa kwa faida juu, kana kwamba marehemu alikuwa kizuizi. Fikirini msomaji aliyefiwa kweli, tena asiye na mtoto, aletewe kitabu hiki na rafiki mwenye nia njema. Ameambiwa nini? Kwamba taabu yake ina malipo yaliyopangwa, na kama hayajafika basi kosa ni lake kwa kukaa mahali pasipofaa. Mwisho wa furaha si kosa, nimekwisha kusema. Lakini mwisho unaofuta hasara ni kitu kingine.

Yeye aliyefaulu zaidi, kwa maoni yangu, ni Bibi Debbie Macomber katika The Shop on Blossom Street, cha mwaka 2004, ingawa sentensi zake ni za kawaida sana na mtu atafutaye uzuri wa lugha asiende huko. Lydia Hoffman amepatwa na saratani mara mbili, mara ya kwanza akiwa wa miaka 16. Alijifunza kufuma alipokuwa akiuguzwa. Sasa amefungua duka la nyuzi katika mtaa wa Seattle unaojengwa upya, naye atangaza darasa la kufuma blanketi la mtoto. Wanafunzi watatu waja, na hakuna hata mmoja aliyekuja kwa kupenda kufuma tu. Jacqueline, bibi tajiri, ataka kuonekana amemkubali mkaza mwana asiyempenda. Carol anajaribu mara ya mwisho kupata mimba kwa msaada wa madaktari. Alix, msichana mkali, ametumwa na hukumu ya korti.

Tazameni akili ya jambo hili. Lydia hakufiwa na mume. Alichonyang’anywa ni ujana wake. Eda yake ni ya nafsi yake mwenyewe, nayo haina siku ya kumalizika, maana saratani yaweza kurudi. Kwa hiyo, hofu ya ugonjwa inapomjia tena, anamfukuza Brad, yule dereva aletaye vifurushi dukani ambaye moyo wake umeanza kumwelekea. Katika vitabu vingi vya namna hii wapendanao hutenganishwa na barua iliyopotea au maneno yaliyosikiwa nusu. Hapa watenganishwa na hofu yenye sababu. Na kufuma kwenyewe hakuwekwa kuwa pambo: ni kazi ya polepole, ambamo mtu akikosea safu hana budi kufumua na kuanza tena mbele ya wenzake, na wanawake wanne wasiopatana hujifunza kuonwa wakikosea. Kasoro ipo. Carol hakuzaa, na hilo ni la haki; lakini mtoto ampangaye anatoka kwa msichana akaaye nyumba moja na Alix, na hapo mkono wa mwandishi waonekana ukivuta uzi.

Nimalizie na kitabu chepesi kuliko vyote, The Little Beach Street Bakery cha Bibi Jenny Colgan, cha mwaka 2014. Polly na mwenzake Chris wamefilisika mjini Plymouth, na mapenzi yao yamekwenda pamoja na biashara. Ahamia kisiwa kidogo cha Cornwall ambacho maji yakijaa hakifikiki kwa miguu, akodi chumba juu ya duka bovu, aanze kuoka mikate. Kuna ndege wa bahari aliyevunjika bawa, ambaye watoto watampenda, mimi nalimvumilia.

Lakini katikati ya wepesi huo mna jambo zito ajabu. Polly apendana na mvuvi, Tarnie, kisha agundua kwamba ana mke bara. Kisha dhoruba yaja, na Tarnie afa baharini. Mke wake aja kisiwani, naye ndiye mjane. Huzuni ni haki yake, na salamu za rambirambi ni zake. Na Polly? Alipenda, amefiwa, wala hawezi kuvaa nyeusi. Bibi Colgan amefika hapo kwa bahati au kwa ustadi, akakaa kurasa chache, kisha akaharakisha kwa Mmarekani mwenye nyuki ambaye tulijua tangu zamani kwamba ndiye. Mke yule wa bara, kama angekuwa wa Lamu au Unguja, tungemwita kizuka na kumpelekea chakula. Mwenye kuoka mikate hatungejua la kumwita, wala mlangoni kwake tusingebisha.