Utambuzi Uliopotoka: Daktari kama Msomaji katika Filamu na Televisheni

Wahakiki wa tamthilia na madaktari wanatumia neno moja kwa shughuli mbili tofauti. Neno hilo ni 'utambuzi'. Mhakiki hulitumia kuelezea hatua ambayo Aristotle aliipa nafasi kubwa katika msuko wa tanzia, pale mhusika anapotoka katika hali ya kutojua na kuingia katika hali ya kujua, kama Oedipus anapong'amua yeye ni mwana wa nani. Daktari hulitumia kwa maana ya kuubaini ugonjwa kutokana na dalili zake. Katika makala haya tunadai kwamba filamu na michezo ya televisheni inayohusu ugonjwa uliobainishwa vibaya hujengwa pale maana hizi mbili zinapokutana. Mwili wa mgonjwa ni matini, daktari ni msomaji wake, na kosa la daktari ni kosa la usomaji. Kwa hivyo swali linalofaa kuulizwa kuhusu kila kazi ya aina hii ni hili: nani hatimaye anapewa haki ya kutambua?

Mfano mwepesi ni Last Holiday, filamu ya Uingereza ya mwaka 1950 iliyoongozwa na Henry Cass kutokana na mswada wa J. B. Priestley. George Bird, anayeigizwa na Alec Guinness, ni muuzaji wa mashine za kilimo anayeambiwa kuwa ana ugonjwa adimu na siku zake zimehesabika. Anatoa akiba yake, anahamia hoteli ya wakwasi kando ya bahari, na huko anaheshimiwa kuliko alivyowahi kuheshimiwa. Baadaye inagunduliwa kwamba picha za eksirei zilibadilishana. Bird anafurahi, kisha anafariki katika ajali ya gari. Wayne Wang alipoitengeneza upya filamu hii nchini Marekani mwaka 2006, mhusika mkuu akiwa Queen Latifah, picha zilizobadilishana zilikuwa mashine mbovu, na kifo cha mwisho kiliondolewa. Katika matoleo yote mawili kosa halina mwenyewe. Ni hila ya msuko tu, inayomfungua mtu mnyonge kutoka katika utumishi wake. Mtazamaji wa Kenya hawezi kuipokea hila hiyo kwa wepesi. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mgonjwa mmoja alipasuliwa kichwa kwa kudhaniwa kuwa mwingine aliyekuwa na damu iliyoganda ndani ya fuvu. Swali la nani anawajibika, ambalo lilitawala mjadala wa tukio hilo, ndilo Last Holiday inalolikwepa.

Mfululizo wa House, uliotangazwa Marekani kati ya 2004 na 2012, unaelekea kutolikwepa swali hilo. Hapa kosa ndilo mhimili wa kila kipindi. Katika kipindi cha kwanza mwalimu wa chekechea anapoteza usemi mbele ya wanafunzi wake. Inadhaniwa kuwa ana uvimbe kwenye ubongo. Kisha inadhaniwa kuwa mishipa yake ya damu imevimba, anapewa dawa, anapata nafuu, na halafu hali yake inazorota vibaya zaidi. Mwishowe Daktari Gregory House anabaini kwamba ni tegu wa nyama ya nguruwe aliyeingia ubongoni. Muundo huu ulirudiwa, kwa tofauti ndogo, katika vipindi vingi kati ya 177 vya mfululizo huo.

Tukizingatia muundo huo kwa makini tunaona jinsi kosa linavyofugwa. Kila utambuzi usio sahihi ni kipandio cha kuufikia ulio sahihi, na mateso ya mgonjwa katikati ni gharama ya taharuki. Mtunzi wa mfululizo, David Shore, alimfinyanga House kwa kumwangalia Sherlock Holmes, na kama mpelelezi huyo, House huamini kuwa maneno ya wahusika ni pazia la kuficha ukweli. Hushikilia kwamba wagonjwa wote husema uongo, na mara nyingi hapendi hata kuwaona. Huketi na wasaidizi wake mbele ya ubao mweupe, akaorodhesha dalili na kuzisoma mgonjwa asipokuwepo. (Mganga wetu wa jadi, hata apigapo ramli, angalau humketisha mgonjwa mbele yake.) Lakini katika kipindi hichohicho cha kwanza kuna tukio linaloutikisa mfumo mzima. Mwalimu yule, akiwa amechoshwa na majaribio, anakataa tiba nyingine na anataka arudi nyumbani afe. Anakubali tu baada ya kuonyeshwa kwa eksirei mnyoo uliojificha katika msuli wa paja lake. Kwa dakika chache mgonjwa anadai kuisoma matini ya mwili wake mwenyewe. Kwa maoni yetu tukio hili ni zito kuliko jawabu la kitendawili, ila mfululizo wenyewe unaliona kuwa kikwazo cha kuondolewa ili House athibitike.

Akira Kurosawa alikuwa amekwisha kuligeuza jambo hili juu chini katika Ikiru ya mwaka 1952. Filamu inafunguka kwa picha ya eksirei ya tumbo, na sauti ya msimulizi inatuarifu kwamba mwenye tumbo hilo ana saratani naye hajui. Huo ndio mwanzo wa kinaya: sisi tumetambua, mhusika bado. Watanabe, mkuu wa idara katika ofisi ya jiji, ameketi hospitalini akingoja matokeo. Mgonjwa mwingine anajisogeza karibu na kumweleza, bila kuulizwa, jinsi madaktari wanavyosema mtu anapokuwa na saratani ya tumbo: watamwambia ana vidonda vidogo tu, hahitaji kupasuliwa, na ale apendacho. Watanabe anaitwa ndani. Daktari anamwambia ana vidonda vidogo tu. Koti linamponyoka mkononi.

Huenda msomaji akapinga kwamba hili halimo katika mada yetu, kwa kuwa daktari huyu hakukosea bali alidanganya, kama ilivyokuwa desturi ya madaktari wengi wa Japani wakati huo. Pingamizi hilo lina uzito, lakini ndilo linaloipa filamu hii umuhimu katika mjadala wetu. Utambuzi wa uongo umetolewa kwa sauti ya mamlaka, na mgonjwa amefanya kazi ya mhakiki: ameisoma kauli kinyume na maneno yake. Daktari alidhani kuwa yeye ndiye msomaji na Watanabe ndiye matini. Katika dakika moja wamebadilishana nafasi. Yote anayoyafanya Watanabe baadaye, hadi kujengwa kwa uwanja wa kuchezea watoto, yanatokana na usomaji huo. Hakuna daktari anayetajwa kuwa alimsaidia.

Mgonjwa wa Cristi Puiu hana nguvu hizo. Moartea domnului Lăzărescu, yaani 'Kifo cha Bwana Lăzărescu', filamu ya Rumania ya mwaka 2005, inamfuata mzee mmoja wa Bucharest anayeishi na paka zake, aliyeumwa kichwa kwa siku kadhaa na ambaye amekunywa pombe. Filamu inachukua zaidi ya saa mbili na nusu, na karibu usiku wote huo anazungushwa ndani ya ambulensi kutoka hospitali hadi hospitali. Wodi zimefurika majeruhi wa ajali ya basi. Harufu ya pombe ndiyo sentensi ya kwanza ambayo kila daktari anaisoma, na wengine hawaendelei kusoma zaidi. Mzee anakaripiwa kwa ulevi, anahubiriwa, anaahirishwa. Hata Mioara, muuguzi wa ambulensi anayemtetea usiku kucha, anaanza kwa dhana isiyo sahihi: anashuku saratani ya utumbo mpana. Puiu hakumpendelea.

Ila filamu haikomei kwenye kosa la kubaini ugonjwa. Katika hospitali ya pili picha zinaonyesha waziwazi damu iliyoganda kichwani, pamoja na uvimbe kwenye ini. Ukweli umepatikana, na haumsaidii. Katika hospitali ya tatu Mioara anajaribu kueleza kilichogunduliwa, na madaktari wanamshambulia: yeye ni nani hata awafundishe kazi? Kisha wanamtaka mzee atie sahihi kibali cha upasuaji ilhali maneno yake yamekwisha kuvurugika. Kwa kuwa hakutia sahihi, anapelekwa kwingine. Tukikumbuka House, ambamo kulijua jina la ugonjwa ni sawa na kupona, tunaona umbali uliopo. Kwa Puiu, utambuzi sahihi unaotamkwa na mtu wa cheo cha chini si utambuzi. Mgonjwa, ambaye katika Ikiru aliweza kumsoma daktari, hapa anapokonywa lugha yenyewe, silabi baada ya silabi, huku kamera ikikataa kumwacha.

Anayebaki na haki ya kutambua, basi, ni mtazamaji peke yake, na haki hiyo haimpi uwezo wowote. Majina yamejaa ishara ambazo wahusika hawazisikii: mzee anaitwa Dante Remus Lăzărescu, shemeji yake ni Virgil, na daktari anayeitwa mwishoni ni Anghel. Baadhi ya watazamaji wataziona ishara hizi kuwa nzito mno kwa filamu ya uhalisia kama hii, nasi tunakiri kuwa zinakaribia kupita kiasi. Katika hospitali ya nne mzee ananyolewa nywele na kuoshwa, tayari kwa upasuaji. Analazwa kitandani, kimya, akisubiri. Filamu inakatika hapo, na kifo kilichotangazwa katika anwani yake hakionyeshwi.