432 Park Avenue: Mnara Unaopitisha Upepo

Jengo la fleti la 432 Park Avenue, katikati ya Manhattan, New York, lina urefu wa mita 426, na upana wake ni kama mita 28 tu kila upande. Urefu huo ni mara 15 ya upana. Lilisanifiwa na Rafael Viñoly, hesabu za muundo zikafanywa na wahandisi wa kampuni ya WSP, likakamilika mwaka 2015. Mwaka uliofuata fleti ya juu kabisa iliuzwa kwa karibu dola milioni 88. Anayelipa fedha hizo ananunua mandhari: Central Park yote chini ya dirisha la mita tatu kwa tatu. Lakini mandhari hayo yasingekalika bila kwanza kuushughulikia upepo.

Uzito haukuwa mtihani mkubwa hapa, kwa kuwa zege imara hubeba vizuri mzigo unaoshuka wima. Upepo ndio mtihani. Unapoupiga mnara wenye kona kali, hewa hupasuka pande mbili na kujiviringisha nyuma ya jengo, mara kushoto, mara kulia. Kila mviringo unapobanduka huuvuta mnara upande wake. Mivuto hiyo ikipatana na kasi ya asili ya jengo kuyumba, mtikisiko hukua. Jengo laweza kubaki imara kabisa, huku mkazi wa ghorofa za juu akishikwa na kichefuchefu.

Wahandisi walijibu kwa njia nne zinazosaidiana. Katikati walijenga kiini cha zege cha mraba wa mita 9 hivi, chenye kuta zinazofikia unene wa sentimita 76; humo hupita lifti na ngazi. Nguzo na mihimili ya nje, ambayo macho huiona kama fremu za madirisha, nayo ikabebeshwa mzigo na kuungwa na kiini kwenye ghorofa za mitambo. Ndiyo maana vyumba vina nafasi pana isiyokatwa na nguzo.

Njia ya tatu ndiyo ya ujasiri zaidi. Kila baada ya ghorofa 12, ghorofa mbili za mitambo ziliachwa wazi bila vioo. Upepo hupenya humo, na miviringo ya hewa inakosa kupatana kutoka chini hadi juu. Mwisho, uzito uliongezwa kileleni: sakafu za juu zilimwagwa nene zaidi, na vikawekwa vifaa viwili vyenye uzito wa mamia ya tani vinavyosogea kinyume na mwendo wa jengo ili kuupunguza.

Ghorofa hizo wazi zilikuwa na faida nyingine. Kanuni za ujenzi za jiji hazikuhesabu ghorofa za mitambo katika eneo la sakafu linaloruhusiwa. Hivyo fleti zilipandishwa juu bila kula eneo hilo, na kadiri fleti inavyopanda ndivyo bei inavyopanda. Mwaka 2019 jiji liliubana mwanya huo: katika maeneo mengi ya makazi ya msongamano mkubwa, nafasi ya mitambo yenye kimo cha zaidi ya futi 25, yaani kama mita 7.6, sasa huhesabiwa.

Mwaka 2021 uongozi wa wamiliki wa fleti ulifungua kesi ukidai kasoro zaidi ya 1,500, zikiwemo uvujaji wa maji, lifti kukwama na kelele za kuta. Waendelezaji wa mradi walipinga madai hayo. Vyovyote iwavyo, malalamiko ya aina hii yana mantiki ya kiufundi. Mnara unapoyumba, kila kilichomo lazima kiyumbe nao: nyaya za lifti, mabomba, viungio vya kuta za ndani. Kila kimoja kinahitaji nafasi ya kucheza bila kugongana wala kufunguka.

Kwangu mimi, mfumo wa muundo wa mnara huu ni kazi ya kuheshimiwa sana. Hata hivyo, fundi bomba na fundi lifti wa jengo jembamba wanastahili kuketi meza moja na mhandisi wa muundo tangu mchoro wa kwanza, kwa sababu mkazi haishi ndani ya hesabu za upepo. Anaishi na bomba, mlango na lifti, na hapo ndipo anasa ya dola milioni 88 inapopaswa kupimwa.