Muda, Mpito na Uhalali: Kuitaja kwa Kiswahili Serikali ya Iraki ya Mwaka 2004

Makala haya yanachunguza istilahi tatu, yaani muda, mpito na uhalali, kwa kuzitazama zinavyobeba suala la serikali ya Iyad Allawi iliyokabidhiwa madaraka mjini Baghdad tarehe 28 Juni 2004, siku mbili kabla ya tarehe iliyokuwa imetangazwa. Inadaiwa hapa kwamba kuiita serikali hiyo "serikali ya mpito", kama ulivyo mwelekeo wa Kiswahili cha habari kwa serikali za namna hii, ni kuitolea hukumu kabla ya kuichunguza.

Kwa Kiarabu, lugha ya wahusika walio wengi, serikali ya Allawi iliitwa al-hukuma al-muaqqata. Sifa muaqqata inatokana na mzizi uleule uliokipa Kiswahili neno wakati. Haisemi zaidi ya kwamba jambo lina kikomo. Sifa hiyohiyo ndiyo iliyokuwamo katika jina la Mamlaka ya Muda ya Muungano, chombo cha ukaliaji kilichoongozwa na Paul Bremer tangu Mei 2003. Kwa hiyo msomaji wa Baghdad aliliona neno moja likihama kutoka kwa mkaliaji kwenda kwa mrithi wake. Sifa intiqaliyya, yenye maana ya kuhama au kuvuka, iliwekwa akiba kwa serikali ya Ibrahim al-Jaafari, iliyotokana na uchaguzi wa tarehe 30 Januari 2005. Kiswahili hakikupungukiwa na maneno: muda kwa ile ya kwanza, mpito kwa ile ya pili. Maneno haya mawili yanapotumiwa kama visawe, tofauti iliyozipambanua serikali hizo inafutika. Apitaye ana aendako. Kwa hiyo mpito hudokeza njia na mwisho wa safari, na serikali inayopewa jina hilo hukopeshwa uhalali wa kule inakodaiwa kuelekea.

Pingamizi moja lina uzito. Sheria ya uongozi wa dola iliyotiwa saini tarehe 8 Machi 2004 ilikiita kipindi chote kipindi cha mpito, na kuifanya serikali ya muda kuwa awamu yake ya kwanza. Je, mwandishi wa Kiswahili hakuwa sahihi basi kufuata jina la sheria? Jibu linategemea nani aliitunga sheria hiyo. Ilitoka chini ya mamlaka ya Bremer na Baraza la Utawala la watu 25 ambao hakuna aliyewachagua. Ayatollah Ali al-Sistani alipinga vikali isitajwe katika azimio la Umoja wa Mataifa, na kweli Azimio Na. 1546 la Baraza la Usalama, la tarehe 8 Juni 2004, halikuitaja. Ramani ya "mpito" ilichorwa na waraka ambao Baraza lenyewe liliona heri kuunyamazia.

Azimio hilo lenyewe linastahili kusomwa kama matini. Linakaribisha kwamba kufikia tarehe 30 Juni ukaliaji utakoma na Iraki itarejesha mamlaka yake kamili. Papo hapo linaitaka serikali mpya ijizuie kuchukua hatua zitakazoathiri hatima ya nchi baada ya kipindi chake kifupi. Mamlaka yawe kamili, na yawe na mpaka! Linaeleza pia kwamba majeshi ya kimataifa yapo Iraki kwa ombi la serikali inayoingia. Barua ya ombi hilo, iliyoambatishwa kwenye azimio, ni ya tarehe 5 Juni, majuma matatu kabla ya mwombaji kukabidhiwa madaraka. Kitenzi omba huhitaji mtendaji aliye huru kutoomba, na hapa ndipo matini inapoonyesha mshono wake.

Kiswahili kina neno linalofaa sana kwa hali hiyo: kalia. Kauli ya kutendea katika kitenzi hiki huleta yambwa, yule au kile kilichokaliwa, bila kumpa mkaaji umiliki wowote. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alipoitungia utenzi vita vya Wadachi, jina la kazi yake lilibeba kitenzi kutamalaki, ambacho mzizi wake ndio wa milki na mmiliki. Kutamalaki ni kuchukua na kutawala. Kukalia ni kuwa juu ya kitu tu. Kanuni za Hague za 1907 zimeshika maana hii ya pili: ukaliaji ni hali ya kweli inayopimwa kwa udhibiti wa jeshi, na mkaliaji hutakiwa kuheshimu sheria zilizopo isipokuwa pale asipoweza kabisa. Kwa kipimo hicho, tangazo peke yake halitoshi kuukomesha. Marekani ilibaki na askari zaidi ya 100,000 nchini. Amri Na. 17, iliyorekebishwa tarehe 27 Juni 2004, iliyaweka majeshi hayo nje ya mahakama za Iraki hata baada ya Bremer kuondoka.

Neno lenye shida kubwa zaidi ni uhalali. Asili yake ni halali, na jirani yake wa kudumu ni haramu. Kati yao hapana daraja nyingi. Ndiyo maana mjadala wa Kiswahili huishia katika ndiyo au siyo. Sistani hakujibu hivyo. Serikali ya Allawi ilipotangazwa mwanzoni mwa Juni, alisema kwamba haina uhalali utokanao na uchaguzi, kisha akatumaini kwamba itathibitisha ufanisi na uadilifu wake. Kauli yake inatenganisha mambo matatu ambayo uhalali huyafumbata: kutambuliwa kisheria, asili ya madaraka, na kukubalika kwa watawaliwa. Allawi alikuwa na la kwanza kutoka New York. La pili lilitoka kwa mkaliaji, ingawa mjumbe wa Umoja wa Mataifa, Lakhdar Brahimi, alihusika katika mashauriano. La tatu lilipaswa kutafutwa kwa vitendo.

Hata serikali ya al-Jaafari, inayostahili jina la mpito kwa haki, haikulimaliza suala hilo la tatu. Katika mkoa wa Anbar waliojitokeza kupiga kura Januari 2005 walikuwa wachache mno. Kukubalika huko, ambako huweza kupatikana Najaf na kukosekana Ramadi siku hiyohiyo, hakuelezeki kwa halali wala kwa haramu.