Mwisho wa Injili ya Marko

Ukitoka katikati ya Nairobi kwa barabara ya Ngong, ewe msomaji, utaipita hospitali ya Wakopti, na baada ya mwendo usio mrefu utafika Adams Arcade, mahali pa maduka palipojengwa katika miaka ya 1950. Jirani yake pana soko la Toi, lenye sifa ya nguo za mitumba, na karibu na soko ni Makina, mtaa wa Kibera wenye Wanubi na msikiti wao. Katika uwanja mmoja wa sehemu hizo nilisikia swali ambalo nataka tulipime pamoja, mimi na wewe.

Jioni hiyo palikuwa na mhadhara. Mihadhara ya namna hii, ya Waislamu na Wakristo kushindana kwa hoja mbele ya watu, ilienea sana Afrika Mashariki tangu miaka ya 1980, na vijitabu vya Ahmed Deedat wa Afrika Kusini viliipa silaha nyingi. Msemaji wa Kiislamu, kijana mwenye adabu na sauti ya upole, alifunua Injili ya Marko, mlango wa 16, akauliza: kwa nini aya ya 9 hadi ya 20 zimetiwa katika mabano? Nani aliyezitia humo, naye alijua nini? Mhubiri aliyesimama kumjibu aliitazama nakala yake, ambayo haikuwa na mabano, akasema kuwa swali hilo limetoka kwa Shetani, na kwamba hakuna aya hata moja iliyopata kutiliwa shaka. Watu wa upande wake wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimefuatana na mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu. Hakusema neno mpaka tulipofika kituo cha matatu. Hapo akaniuliza, "Mwalimu, mbona yangu ina mabano?"

Niliona haya, kwa kuwa sikuwa na jibu la kumpa. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilisoma somo la dini miaka miwili, na mkufunzi wetu alipoifikia aya ya 8 alifunga kitabu, akatuambia kuwa yaliyosalia tungeyasoma wenyewe. Sikuyasoma. Insha hii ni malipo ya deni hilo.

Kwanza tulitazame jambo lenyewe. Hatuna hata Injili moja iliyo katika mkono wa mwandishi wake. Tulicho nacho ni nakala za nakala. Vitabu viwili vya ngozi vya karne ya 4, kimoja kiitwacho cha Vatikano na kingine cha Sinai, humaliza Injili ya Marko katika aya ya 8: wanawake watatu wanatoka kaburini mbio, wakitetemeka, wala hawamwelezi mtu yeyote walilolisikia, kwa kuwa wamejaa hofu. Basi, hapana zaidi. Eusebio wa Kaisaria, aliyeishi katika karne hiyo hiyo, alikiri kwamba nakala zilizo sahihi zilikomea hapo. Yeronimo, mfasiri wa Biblia ya Kilatini, alirudia maelezo kama hayo, ila aya kumi na mbili hakuzitoa katika tafsiri yake. Tena ziko nakala chache za kale zenye mwisho mwingine mfupi, na karibu zote hizo zimeiweka miisho yote miwili mmoja baada ya mwingine, kama mtu asiyetaka kumkosea mgeni yeyote.

(Nakuomba uniwie radhi nipenyeze jambo dogo. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kuifasiri Mwanzo kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Mjerumani mwenzake, Konstantin von Tischendorf, aliziona kwa mara ya kwanza kurasa za kitabu cha Sinai katika nyumba ya watawa ya Mtakatifu Katarina. Hivyo Biblia ya Kiswahili na swali hili katika sura yake ya leo ni kama watoto wa mwaka mmoja.)

Wakristo wameueleza mwisho huu kwa njia nyingi, nami nitakuonyesha tatu zilizo kubwa.

Wako wanaosema kuwa aya zote kumi na mbili ni za Marko. Mtetezi wao mashuhuri ni kasisi wa Kiingereza John Burgon, ambaye mwaka 1871 alitoa kitabu kizima juu ya aya hizi tu. Usimdharau. Yeye ndiye aliyekaza kuonyesha kwamba katika kitabu cha Vatikano, baada ya aya ya 8, mwandishi aliacha safu nzima tupu, kana kwamba alijua kuwa kuna kitu alichokiruka. Hali kadhalika Irenayo wa Lyon, karibu na mwaka 180, alitaja aya mojawapo kuwa ni neno la Marko. Maana yake aya hizo zilikuwa zikisomwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya vitabu vile viwili kuandikwa. Hoja hii ni nzito, wala sijaona mtu aliyeivunja. Lakini Burgon alitegemea pia wingi wa nakala, na hapo aliteleza. Nakala nyingi sana za Kiyunani zina aya hizo, ni kweli. Lakini mwalimu akiandika tarehe yenye makosa ubaoni, na wanafunzi arobaini wakainakili, mkaguzi hapati mashahidi arobaini wa tarehe hiyo. Anapata shahidi mmoja, naye amekosea. Ukale wa aya ni jambo moja, na mkono ulioziandika ni jambo jingine.

Tena ukizisoma kwa makini utaona mshono. Maria Magdalene ametajwa mara tatu katika kurasa hizo hizo, kwenye msalaba, kwenye maziko, na asubuhi ya kwenda kaburini; kisha katika aya ya 9 anajulishwa kwetu upya, kuwa ndiye aliyetolewa pepo saba, habari aliyokwisha kuitoa Luka. Mtu hamtambulishi jirani yake mara ya nne kana kwamba ndiyo kwanza amefika. Wale wawili wanaokwenda shamba wanafanana sana na wasafiri wa Emau, ambao pia ni wa Luka. Na kubwa kuliko yote: katika aya ya 7 kijana mwenye vazi jeupe ameahidi kwamba Yesu ataonekana Galilaya, lakini aya kumi na mbili zinazofuata hazitaji Galilaya hata mara moja. Aliyeziandika alikuwa na habari njema na za kale; ila hakuwa akiendeleza hadithi iliyokuwa mbele yake.

Njia ya pili husema kuwa Marko aliandika mwisho mwingine, nao umepotea. Labda jani la mwisho lilichanika, labda mwandishi alikamatwa au alikufa kalamu ikiwa mkononi. Wataalamu wengi walikuwa wakishikilia rai hii, na sababu yao moja ni ya sarufi. Neno la mwisho la aya ya 8 katika Kiyunani ni neno dogo la kutoa sababu, ambalo katika lugha hiyo halitangulii bali hufuata neno la kwanza la sentensi yake. Sikio la Mswahili hapa halisikii kasoro yoyote, kwa kuwa sisi hutanguliza "kwa maana" kisha tukasema tendo. Kwa Kiyunani ni kana kwamba mtu amesema "waliogopa, kwani", akanyamaza. Je, kitabu chaweza kuishia hapo? Wachunguzi wamepekua wakaona kuwa chaweza: andiko mojawapo la mwanafalsafa Plotinus linaishia kwa neno hilo hilo. Basi sarufi haimlazimishi mtu kuamini jani lililopotea. Nami nina shaka na maelezo yoyote ambayo nguzo yake ni karatasi ambayo hakuna aliyepata kuiona.

Njia ya tatu ni ya wale wasemao kuwa Marko alikusudia kukomea hapo. R. H. Lightfoot wa Oxford aliitetea kwa nguvu katika kitabu chake cha mwaka 1950, na tangu hapo imepata wafuasi wengi. Nakiri kuwa nami ni mmoja wao, nawe una haki ya kujua sababu.

Isome Injili hii tangu mwanzo kwa kikao kimoja. Haikuchukui saa mbili. Utaona kuwa Yesu huwakataza watu wasitangaze mambo yake. Mwenye ukoma anaambiwa anyamaze, naye anakwenda kutangaza. Watu walioona kiziwi akiponywa wanakatazwa, nao wanazidi kusema. Hao walioambiwa wanyamaze wamesema. Kisha katika mlango wa mwisho, kwa mara ya kwanza, watu wanaagizwa waziwazi waende kutoa habari ya ufufuo, na hao ndio wanaonyamaza! Sidhani kuwa jambo kama hili laweza kutokea kwa kuchanika kwa karatasi. Hofu nayo si ngeni kitabuni: wanafunzi waliogopa bahari ilipotulia, wenyeji waliogopa walipomwona mwenye pepo ametulia, na yule mwanamke aliyetokwa damu alikuja akitetemeka baada ya kupona. Kwa Marko, hofu ndiyo hali ya mtu aliyesimama karibu mno na tendo la Mungu. Wanawake wale wamesimama karibu kuliko wote.

Hata hivyo hapana budi tujihadhari. Wahakiki wa siku hizi wanapenda hadithi zisizo na mwisho, na mtu aweza kumvisha Marko kanzu ya mwandishi wa riwaya wa leo. Bibi zetu hawakusimulia hivyo, angalinyamaza bibi hapo, wajukuu wangelia "Endelea!" Bila shaka wasikilizaji wa kwanza wa Marko walilia vivyo hivyo, na aya kumi na mbili ndizo jibu la kilio chao.

Mwanafunzi wangu nilipomweleza haya, aliuliza swali lililonipita akili: kama wanawake hawakumwambia mtu, Marko alipata wapi habari? Kweli. Ukimya ule haukudumu, na mwandishi alijua kuwa msomaji wake anajua. Kabla ya hapo Petro aliambiwa kuwa atamkana bwana wake kabla ya jogoo kuwika mara mbili, ikawa. Basi msomaji aliyeona kila neno la Yesu likitimia, akisikia ahadi ya Galilaya, hahitaji kupelekwa huko kwa mkono.

Hapa ndipo nasema kuwa hata yule kijana mwenye swali zuri alikosea. Alipomaliza kuonyesha mabano alidai kuwa, aya zile zikiondoka, Wakristo hawana shahidi wa ufufuo. Lakini ufufuo unatangazwa katika aya ya 6, iliyo ndani ya nakala zote mbili za kale. Na barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, iliyoandikwa katika miaka ya 50 ya karne ya kwanza, kabla ya Injili hii kwa hesabu ya wataalamu walio wengi, inataja orodha ya walioona. Swali lake lilikuwa sahihi, hitimisho lake halikuwa sahihi. Mhubiri wetu angeweza kumwambia hivyo kwa maneno machache, laiti angalikubali kuwa mabano yapo.

Je, aya hizo ni za Maandiko au si za Maandiko? Makanisa mengi hayakulifunga swali hilo pamoja na lile la mkono. Kwa Wakatoliki, Mtaguso wa Trento mwaka 1546 uliyapokea Maandiko pamoja na sehemu zake zote, na husoma aya ya 15 hadi ya 20 katika sikukuu ya Kupaa, mmoja katika kila miaka mitatu. Waorthodoksi, wenye seminari yao Riruta, huzisoma aya zote kumi na mbili katika zamu ya sala zao za asubuhi ya Jumapili, nao wako chini ya kiti cha Aleksandria, ambacho kwa mapokeo kilianzishwa na Marko mwenyewe. Kanisa laweza kulipokea neno bila kuapa juu ya nani aliyelishika kalamu. Huo ni msimamo unaoeleweka, na hauna haja ya kumwita mwuliza swali Shetani.

Usidhani kuwa haya ni mabishano ya watu wa vitabu tu. Aya ya 18 husema habari za waaminio kushika nyoka na kunywa kitu cha kufisha bila kudhurika. Huko Tennessee, Marekani, karibu na mwaka 1910, mhubiri George Went Hensley aliifanya aya hiyo kuwa amri, akawa akiwashika nyoka wenye sumu katika ibada. Wengi walimfuata. Mwaka 1955 aliumwa na nyoka katika mkutano huko Florida, akafa. Nasi Wakenya hatuna ruhusa ya kumcheka, maana mwaka 2023 tulifukua maiti zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, za watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu. Aya iliyotumiwa huko haikuwa hii. Namna ya kusoma ndiyo iliyofanana.

Mwenye kutaka kujua Wakristo wa kwanza waliielewaje habari ya nyoka aifunue Matendo ya Mitume, mlango wa 28, Paulo alipofika kisiwa cha Malta baada ya kuvunjikiwa na merikebu. Nyoka alimshika mkononi, naye akamkung'utia motoni, asipatwe na dhara. Paulo hakumtafuta nyoka yule. Alikuwa akiweka kuni motoni, kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha na watu walikuwa wanaona baridi.